Wasomaji Wanauliza: Mvua Asilimia 40, Kura Asilimia 46

Barua za mara hii ni za mvua, za siasa na za runinga. Ukizisoma kwa mpigo utaona nyingi zinauliza kitu kimoja: namba ninayosomewa kwenye kioo, ni namba ya nini hasa? Tumezitanguliza hizo. Za dishi na spika ziko mwishoni.

Mhariri, taarifa ya habari ilisema kesho uwezekano wa mvua ni asilimia 40. Mke wangu anasema maana yake mvua itanyesha katika sehemu tu ya eneo letu. Mimi nasema itanyesha asilimia 40 ya siku. Tuamue. (Mbishi wa nyumbani)

Ndugu Mbishi, mkeo amekaribia, wewe umepotea kabisa. Asilimia ile haisemi mvua itadumu muda gani, wala itakuwa kubwa kiasi gani. Chukua sehemu moja yoyote ndani ya eneo lililotajwa, tuseme uani kwenu, na kipindi kilichotajwa: nafasi ya uani kwenu kupata mvua inayopimika ni 40 kati ya 100. Neno "inayopimika" lina uzito wake. Marekani kiwango cha chini ni milimita 0.25, na kwingine hutumika 0.1 au 0.2. Kwa hiyo manyunyu ya dakika tano yanahesabiwa kuwa mvua, na gharika nayo ni mvua ile ile moja.

Mkeo tumemsogeza karibu kwa sababu eneo nalo limo ndani ya hesabu. Mtabiri akiwa na hakika kamili kwamba mvua inakuja, ila itagusa asilimia 40 tu ya eneo, ataandika 40. Akiwa na hakika nusu kwa nusu, lakini anajua ikija itafunika asilimia 80 ya eneo, napo ataandika 40. Ukitazama namba peke yake huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Maelezo yanayosomwa pembeni ("manyunyu katika maeneo machache", "mvua katika maeneo mengi") ndiyo yanayotofautisha, na ndiyo wengi wetu tunayoyaruka.

Kinachowachanganya watu zaidi ni utabiri wa saa kwa saa wa kwenye simu. Ukiona asilimia 20 kila saa kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku, usizijumlishe ukapata 120, na usidhani kuwa kipindi chote ni 20. Kama kila saa ingejitegemea, nafasi ya kulowa angalau mara moja katika saa hizo 6 ingekuwa kama 74. Lakini hazijitegemei, maana wingu la saa tisa mara nyingi ndilo hilo hilo la saa kumi. Jibu la kweli huangukia katikati, juu ya 20 na chini ya 74.

Na mtabiri hapimwi kwa siku moja. Akisema 40 ikanyesha, hajakosea. Ikikauka, pia hajakosea. Inaudhi, lakini ndivyo. Weka daftari, andika kila siku aliyosema 40. Zikifika siku 50, mvua iwe imenyesha katika 20 hivi. Ukikuta imenyesha katika siku 35, namba zake ni za chini mno. Ukikuta 8, anatia chumvi.

Cha kuamua nacho ni hasara yako. Kwa nguo za kuanika, 40 si kitu, utazianua upepo ukigeuka. Kwa zege la kumwaga siku hiyo, ambalo mvua ya saa za mwanzo huchubua uso wake, 40 ni nyingi: andaa turubai au ahirisha.

Wakisema imenyesha milimita 20, hizo ni ndoo ngapi kwenye paa langu? Na je, naweza kupima mwenyewe? (Mwenye tangi)

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi. Pima urefu na upana wa nyumba chini, kwenye kivuli cha paa, usipime mteremko wa bati. Paa la mita 8 kwa 5 ni mita 40 za mraba. Mara 20 ni lita 800, yaani ndoo 40 za lita 20. Bati na mifereji hula kati ya sehemu moja ya kumi na mbili za kumi, kwa hiyo tegemea ndoo 32 hadi 36, mfereji ukiwa hauvuji. Maji ya milimita ya kwanza yaache yaende, yameosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Kupima, tafuta kopo ambalo mdomo na kitako vina upana sawa, na rula. Kopo lililotanuka juu litakudanganya kwa kuzidisha. Chupa ya plastiki iliyokatwa shingo inafaa pia, ila kitako chake kina mabonde, hivyo mimina maji kwanza mpaka pale kuta zinaponyooka, chora mstari, na mstari huo ndio sifuri yako. Liweke mbali na kizuizi umbali wa mara mbili ya kimo chake: ukuta wa mita 3, kopo liwe mita 6 kutoka hapo. Soma kila asubuhi saa ile ile, kisha mwaga, au kwa kopo la mstari rudisha maji kwenye sifuri.

Shikamooni wahariri. Simu yangu inasema kesho jua, ya kaka yangu inasema mvua. Halafu zote mbili zinatoa utabiri wa siku 14. Nimwamini nani? (Kidato cha tatu)

Marahaba mwanetu. Programu mbili, mifumo miwili ya kompyuta, au mfumo mmoja uliosomwa saa tofauti. Mifumo mingi ya dunia nzima hukokotolewa upya saa 00, 06, 12 na 18 kwa saa za UTC (saa ya pamoja ya dunia), na matokeo huchukua saa kadhaa kutoka. Angalia kwanza ipi imesasishwa karibuni. Jambo la pili, dunia humo imekatwa miraba, mingi yao ikiwa na upande wa kilomita 9 hadi 25. Mlima na bonde vikiingia mraba mmoja, vinapewa namba moja.

Kuhusu siku 14: mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hewa wa Marekani, alirudia hesabu ya kompyuta akiandika 0.506 badala ya 0.506127. Tofauti ndogo kuliko sehemu moja ya elfu, lakini baada ya muda hali ya hewa ya kwenye karatasi yake ikawa nyingine kabisa. Ndiyo sababu siku hizi vituo vikubwa havikokotoi mara moja. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa masafa ya kati huendesha hesabu 51 zenye mianzo inayotofautiana kidogo, kisha hutazama zinakubaliana kiasi gani. Siku 3 za mwanzo panga mambo yako kwa saa. Siku ya 4 hadi ya 7 panga kwa siku. Ikipita hapo, soma mwelekeo tu: wiki ya mvua au wiki kavu. Picha ya wingu yenye mvua saa tisa alasiri siku ya 13 ni pambo.

Gazeti limeandika "A amempita B": asilimia 46 kwa 43. Wamehoji watu 1,000 tu, nchi ina mamilioni. Huu si uongo? (Mpiga kura)

Ndugu Mpiga kura, idadi ya watu 1,000 si uongo. Kichwa cha habari ndicho chenye matatizo.

Kosa la sampuli, yaani lile linalotokana na kuhoji wachache badala ya wote, linategemea idadi ya waliohojiwa, halitegemei ukubwa wa nchi. Kanuni ya mkononi: gawa 100 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya wahojiwa. Watu 100 wanakupa kosa la pointi 10 juu au chini. 400, pointi 5. 1,000, pointi 3 na kidogo. Ukitaka kupunguza kosa nusu unahitaji watu mara nne, na hapo ndipo gharama inapowashinda wengi, wakaishia kwenye 1,000 au 2,000.

Sasa rudi kwenye namba zako. A yuko mahali fulani kati ya 43 na 49, B kati ya 40 na 46. Na kwenye pengo baina yao kosa ni karibu mara mbili ya hizo pointi 3, takriban 6. Pengo la pointi 3 ndani ya kosa la 6 maana yake utafiti huu peke yake haujui nani yuko mbele. Kichwa sahihi kingekuwa "A na B wanakabana", ila hicho hakiuzi gazeti.

Shuka chini zaidi, kwenye aya ya tano au ya sita, utakuta "vijana wanamtaka B". Vijana wangapi? Katika watu 1,000 huenda walikuwa 120, na kosa lao ni pointi 9. Aya za namna hiyo zisome kama burudani.

Hesabu hizo zote zinasimama kwa sharti moja: kila mtu awe na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Sharti likivunjika, wingi haukuokoi. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma karatasi milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Landon atamshinda Rais Roosevelt. Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina yao yalitoka kwa sehemu kubwa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katikati ya miaka ya dhiki, na waliojibu ni wale waliokuwa na hamu ya kujibu. Kura za "bofya hapa" za mitandaoni ni mtoto wa kosa hilo hilo, hata zikifika 50,000.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kijiweni tafuta haya ndani ya habari yenyewe: wamehojiwa wangapi na wamepatikanaje (simu, nyumba kwa nyumba, mtandao), tarehe za mahojiano, maana kashfa ya juzi haimo kwenye utafiti wa wiki mbili zilizopita, maneno kamili ya swali, nani amelipia, na wasioamua ni asilimia ngapi. Katika mfano wako 46 na 43 ni 89. Hao 11 waliobaki ni wengi kuliko pengo zima, na gazeti halijawataja.

Mtangazaji alisema umaarufu umepanda asilimia 5, mwingine asilimia 25, habari moja. (Msikilizaji)

Tuseme ulitoka asilimia 20 ukafika 25. Umepanda pointi 5, ambazo ni robo ya pale ulipoanzia, yaani asilimia 25. Wa pili yuko sahihi kihesabu, wa kwanza alipaswa kusema pointi 5. Andika daima namba mbili, ya mwanzo na ya mwisho, na ubishi unakwisha.

Chama kimesema mkutano ulikuwa na watu 200,000, polisi wakasema 15,000. Uwanja ni mmoja wa mpira. Kuna njia ya kujua? (Mtazamaji)

Ipo, na ni ya zamani. Herbert Jacobs, mwalimu wa uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, miaka ya 1960 aliigawa picha ya uwanja wenye wanafunzi katika miraba, akahesabu vichwa katika michache, akazidisha. Vipimo vyake bado vinatumika: umati uliolegea, mtu 1 huchukua kama mita 1 ya mraba, uliobanana, watu 2 na kitu kwa mita, uliosongamana mbele ya jukwaa, watu 4 hivi.

Uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita 7,140 za mraba. Ukitaka watu 200,000 humo ndani, ni watu 28 kwa kila mita moja. Jaribu wanne tu katika mraba wa mita moja uliochorwa kwa chaki, uone bega linavyogusa bega. Kuanzia watano au sita umati huanza kusukumana wenyewe na watu huumia.

Gawa uwanja sehemu tatu za mita 2,380. Ya mbele, watu 4 kwa mita: 9,520. Ya kati, 2: 4,760. Ya nyuma, mtu 1 kwa mita 2: 1,190. Jumla 15,470. Mara hii polisi wako karibu zaidi, ingawa majukwaa ya kukaa kama yalikuwa wazi huhesabiwa peke yake, na mkutano unaodumu saa sita una wanaoingia na wanaoondoka. Kwa maandamano usipige eneo: simama mahali pamoja, hesabu wanaopita mstari kwa dakika 1, rudia kila dakika 10, zidisha wastani kwa dakika zote.

Picha ya kupigia hesabu iwe ya kutoka juu. Ile ya lenzi ndefu, kimo cha jukwaa, huvuta walio nyuma wakaonekana wamepandana, na mapengo yote yanapotea.

Nimetumiwa video ya polisi wakitawanya watu kwenye mvua, "jana jioni". Nitajuaje si ya zamani? (Wa kundi la familia)

Simamisha video upige picha za kioo tatu au nne: mwanzo, penye kibao au maandishi, na penye mandhari pana. Zitafute kwa picha kwenye injini zaidi ya moja. Zisipotokea, zigeuze kushoto kulia ujaribu tena, kwani wasambazaji huzigeuza makusudi. Maandishi ya nyuma-mbele ni dalili. Ukikuta ile ile imepandishwa miaka mitatu nyuma, kesi imekwisha. Usipokuta kitu, hujathibitisha lolote.

Mvua yenyewe ni shahidi mzuri. Viwanja vya ndege huandika hali ya hewa kila saa au nusu saa, na kumbukumbu hizo hutunzwa na kusomeka mtandaoni. Kama kituo cha karibu kiliandika anga wazi jana mchana kutwa, video ina maswali ya kujibu, ingawa mvua ya wingu moja inaweza kupita pembeni ya kituo. Tazama pia vivuli: vikali na vifupi, hiyo si jioni. Sauti usiitegemee, hubadilishwa kirahisi kuliko picha.

Mvua ikianza tu chaneli zinaganda. Fundi anataka ninunue king'amuzi kipya. (Mpenda mechi)

Usinunue. King'amuzi hakina kosa hapo. Dishi dogo hupokea mawimbi ya gigahezi 11 au 12, yenye urefu wa sentimita 2.5 hivi, na matone makubwa huyanyonya na kuyatawanya. Mvua ya nguvu itamkatia yeyote kwa dakika chache. Lakini kama hata manyunyu yanakukatia, dishi lako halina akiba, na mara nyingi ni kwa sababu limehama.

Siku ya anga wazi fungua ukurasa wa mawimbi. Kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Fuata ubora, nguvu hupanda hata dishi likitazama satelaiti isiyo yako. Legeza nati kidogo, sogeza dishi milimita chache kushoto, ngoja sekunde 5 kwa sababu namba huchelewa, endelea mpaka ubora uanze kushuka. Weka alama. Fanya hivyo kulia. Kaza katikati ya alama mbili. Rudia juu na chini, kisha zungusha LNB, kile kichwa cha mbele, nyuzi chache kila upande. Nati zikaze kwa zamu huku mwenzako akisoma kioo, maana kukaza kwenyewe hulihamisha dishi.

Halafu fungua konekta. Waya wa katikati ukiwa mweusi au wa kijani, kata kebo mpaka ukutane na shaba safi. Ncha ichomoze milimita 2 au 3 tu, na uzi hata mmoja wa wavu usiiguse. Funga kwa tepu ya mpira inayojigandisha, ile ya kawaida ya umeme hubanduka juani. Iache kebo ining'inie kitanzi kwa chini kabla ya kuingia kwenye LNB na kabla ya kuingia ukutani, maji yadondokee hapo. Dalili ya kukusaidia: chaneli zikibaki zimeganda saa nzima baada ya mvua kukatika, maji yako ndani ya konekta, si angani.

Yakishindikana yote, dishi la sentimita 90 lina eneo mara 2.25 ya lile la 60. Hiyo ni akiba ya desibeli 3.5, na hapo pesa itakuwa imeenda panapostahili.

Waigizaji wakinong'ona sisikii, muziki ukiingia watoto wanaamka. (Mama wawili)

Mama wawili, filamu nyingi huchanganywa kwa spika sita, na maneno hukaa kwenye ile ya katikati ambayo runinga yako haina. Kwenye king'amuzi au programu ya filamu, badilisha sauti kutoka 5.1 (hiyo ya spika sita) kwenda stirio. Zima kila kitu kinachojiita sauti ya kuzunguka. Washa hali ya usiku, inayoshusha vishindo na kuinua minong'ono. Kisawazisho kikiwepo, punguza 100 Hz kwa hatua 3 au 4, ongeza 3 kHz kwa 3, huko ndiko konsonanti ziliko. Na kama runinga imesukumwa ndani ya kabati, ivute mpaka ukingo wa chini utokeze: spika zake nyingi hutazama chini au nyuma, na mbao za kabati ndizo zinazosikia filamu.

Filamu kwenye runinga yangu mpya zinaonekana kama tamthilia ya mchana. (Mpenda sinema)

Filamu ina fremu 24 kwa sekunde, na runinga inajitungia fremu za katikati. Ingia mipangilio ya picha, tafuta ulainishaji wa mwendo, weka sifuri. Kwa mpira unaweza kuirudisha.

Radi zikianza, kuzima kwa rimoti kunatosha? (Mwenye hofu)

Hakutoshi, rimoti inaacha waya zote zimeunganishwa. Chomoa plagi na kebo ya antena au dishi, vyote viwili, kwa sababu kifaa cha kukinga umeme wa ukutani mara nyingi hakilindi kebo. Fanya mapema. Ukiona mmweko, hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa 3, hizo ndizo kilomita. Sekunde zikiwa 30 au chini ya hapo radi iko ndani ya kilomita 10, na muda wa kushika waya umepita: acha plagi ilivyo, kaa mbali nayo. Rudisha waya dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.